Biashara kwa Simu, Mtoto Mgongoni

Kama una mtoto mchanga, mweke kwenye titi tuendelee. Kama una simu mkononi, nakuomba uiweke chini kwa muda huu mfupi, maana leo tunaizungumzia hiyo hiyo simu.

Ukipita katika ploti yoyote hapa Kitengela, kutoka Noonkopir hadi Milimani hadi Korompoi, hukosi mama anayeuza kitu kwa simu. Huyu ana nguo za mitumba za watoto, yule anaoka keki, mwingine anatengeneza sabuni ya maji, mwingine ana mapazia, viatu au mayai ya kienyeji. Asubuhi anapiga picha, anaziweka kwenye WhatsApp au Facebook, wateja wanauliza bei, pesa zinaingia kwa M-PESA, na kifurushi kinaondoka kwa boda boda au kwa matatu ya Nairobi. Hakuna kodi ya duka. Hakuna nauli ya kila siku. Tangu M-PESA ilipoanza mwezi wa Machi 2007, mama ameweza kulipwa na mtu ambaye hajawahi kuonana naye, huku amembeba mtoto mgongoni.

Naelewa kabisa kwa nini akina mama wengi wanachagua njia hii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara. Lakini sisi wauguzi tunamwambia mama huyo huyo anyonyeshe miezi 6 bila kumpa mtoto kitu kingine, hata maji. Sasa ile miezi 3 iliyobaki ataitoa wapi? Mama anayefanya kazi kiwandani kule Athi River anatoka nyumbani kukiwa giza na kurudi kukiwa giza. Akipiga hesabu ya nauli, ya chakula cha mchana na ya mshahara wa dada wa kumwangalia mtoto, anaona kinachobaki ni kidogo mno. Basi anaamua: afadhali nikae na mtoto wangu, niuze kwa simu. Mimi siupingi uamuzi huo. Mimi mwenyewe nimewahi kuufanya, na ndiyo sababu nikaomba kuzungumza nanyi leo.

Kuna jambo moja ambalo hatuambiani. Mama anaweza kukaa chumba kimoja na mtoto wake kutwa nzima, na mtoto asimpate.

Nitawaeleza yaliyonipata. Mwaka 2018 nilijifungua mtoto wangu wa pili, mvulana wa kilo 3.1. Niliunganisha likizo ya uzazi na siku zangu za likizo ya mwaka ili nikae naye zaidi. Nikiwa nyumbani, nikaanza kuuza nguo za watoto za mitumba. Nilikuwa nanunua Gikomba, nafua, napiga pasi, napiga picha, naziweka kwenye simu. Biashara ilishika haraka kuliko nilivyotarajia. Wateja wakaanza kuniita Mama Nguo. Nilifurahi sana, siwadanganyi. Faida ya kwanza iliyokuwa na maana nilinunulia tangi la maji, na nyote mnajua maana ya tangi la maji hapa Kitengela.

Mtoto alipopimwa wiki ya 6 alikuwa na kilo 4.6. Wiki ya 10 akawa na kilo 5.5. Mstari katika kijitabu chake cha Mama na Mtoto ulikuwa unapanda vizuri. Wiki ya 14 nikampeleka kwa chanjo. Muuguzi mwenzangu akamweka kwenye mzani, akanyamaza. Akamtoa, akaurudisha mzani kwenye sufuri, akampima tena. Kilo 5.6. Kwa wiki 4 mtoto alikuwa ameongeza gramu 100 tu. Katika umri ule, mtoto anayenyonya vizuri huongeza mara kadhaa ya hizo kwa muda kama huo.

Mwenzangu akaniuliza yale yale maswali ambayo mimi huwauliza akina mama kila siku. Ameharisha? Hapana. Amekuwa na homa, kikohozi, kutapika? Hapana. Ananyonya mara ngapi kwa siku, mchana na usiku? Hapo nikakosa jibu. Mimi, muuguzi wa afya ya jamii, mwenye diploma yangu imening'inia ukutani, sikujua mtoto wangu ananyonya mara ngapi.

Nilipofika nyumbani nikakaa kitandani nikajaribu kukumbuka siku zangu zilivyokuwa zikipita. Mtoto anaanza kugeuzageuza kichwa, mimi natazama simu. Mteja anauliza, "Mwisho pesa ngapi?" Nasema moyoni, wacha nimjibu huyu mmoja. Huyo mmoja anataka picha nyingine iliyopigwa kwenye mwangaza. Kabla sijamaliza, mwingine anauliza kama iko saizi ya miaka 2. Mtoto anaanza kulia, namtia chuchu ya mpira mdomoni, ananyamaza, analala kwa uchovu. Nami nawaambia majirani kwamba Mungu amenipa mtoto mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa amechoka kuitisha. Hata aliponyonya, mkono wangu mmoja ulikuwa na simu. Akiachia titi kidogo apumue, mimi nafunga blauzi nikidhani ameshiba, kwa sababu kuna oda inangoja kufungwa.

Sasa tusikilizane vizuri hapa. Maziwa ya mama hayakai kama maji kwenye tangi, yakingoja mtu afungue mfereji. Titi hutengeneza maziwa kulingana na linavyonyonywa. Likinyonywa mara nyingi na kumalizwa, mwili unapata habari kwamba mtoto anahitaji zaidi. Likiachwa limejaa kwa saa nyingi, mwili unapata habari kwamba maziwa hayatakiwi, na unapunguza. Basi ukiruka kunyonyesha mara 3 leo na mara 3 kesho kwa sababu ya wateja, baada ya wiki chache utasema, "Maziwa yangu yamekauka," utaenda dukani ununue ya kopo, na hutajua kwamba ni simu iliyoyakausha.

Mtoto mchanga anapaswa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Hapigi kelele kwanza. Anaanza kwa kujinyoosha, anafungua mdomo, anageuza kichwa kutafuta, anapeleka ngumi mdomoni. Kilio ni dalili ya mwisho, na mtoto aliyekwisha kulia sana hushika titi vibaya. Dalili hizo za mwanzo ni ndogo sana, na mtu aliyeinamia simu hawezi kuziona. Ukitaka kujua kama anapata maziwa ya kutosha, hesabu nepi: baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Halafu mpeleke apimwe uzito kila mwezi, hata ule mwezi ambao hakuna chanjo. Mstari ukipanda, mshukuru Mungu. Mstari ukilala kama wa mwanangu, usingoje uanze kushuka.

Nitataja hesabu moja tu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2008 na 2009 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miezi 6 hapa Kenya, 32 tu ndio walionyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2014 walikuwa 61. Tulipiga hatua kubwa, wauguzi tulifurahi. Utafiti wa 2022 ukaonyesha 60. Nikiuangalia mstari huo kama wa kijitabu cha kliniki, naona umelala.

Mnataka kujua nilifanya nini. Kwanza nilizima simu siku 3. Sikuiweka kimya, niliizima. Nikakaa na mtoto kitandani, ngozi kwa ngozi, nikamnyonyesha kila alipofungua mdomo, usiku na mchana, na ile chuchu ya mpira nikaitupa. Mume wangu alipika. Alipika ugali na mayai siku zote 3, lakini alipika. Baada ya wiki 2 mtoto alipimwa akawa na kilo 6.1. Nililia pale pale kliniki, mbele ya akina mama ambao hunijua kama mtu wa kuwakemea.

Nilipoiwasha simu, nilikuta meseji nyingi sana, na wateja wawili wamenikasirikia. Nikaandika maneno haya na kuyaweka mahali kila mteja atayaona: "Wapendwa wateja, nina mtoto mchanga. Najibu meseji saa tatu hadi saa tano asubuhi, na saa nane hadi saa kumi alasiri. Vifurushi vinatumwa Jumanne na Ijumaa. Asanteni kwa kuelewa." Wale wawili walikwenda kununua kwingine, na mmoja wao alirudi baada ya mwezi. Wengine hawakusema kitu. Wateja wengi hawahitaji jibu dakika ile ile. Wanachotaka ni kujua utawajibu lini, na ulitimize. Na hata katika saa hizo za kazi, mtoto akitaka kunyonya, anayengoja ni mteja.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali ambapo mama anaweza kunyonyesha au kukamua maziwa. Wewe unayejiajiri, mwajiri ni wewe. Nami nimegundua kwamba sisi akina mama ni waajiri wabaya sana wa nafsi zetu. Meneja wa kiwanda angekuamrisha ufunge oda siku 5 baada ya kujifungua, ungemshtaki. Mbona wewe unajiamrisha? Kama una mimba sasa na una biashara, chagua tarehe ya kufunga na uwatangazie wateja wako mapema. Baada ya kujifungua, jipe angalau wiki 6 bila oda mpya, na zaidi kama umefanyiwa upasuaji. Weka akiba ya kukuvusha wiki hizo tangu mimba ikiwa changa, hata kama ni shilingi 50 kwa siku.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa akioka keki, naye alikuwa na msichana wa mwaka mmoja. Tukakubaliana: akiwa jikoni mimi naangalia watoto wote wawili, nikiwa nafunga vifurushi yeye anaangalia. Saa mbili zake, saa mbili zangu. Hatukulipana. Lakini tuliwekeana masharti na nawashauri nanyi muyaweke kwa maneno yaliyo wazi: mikono inawa kwa sabuni, mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji wala uji wala chochote, na mtoto haachiwi mtu wa tatu hata kwa dakika 5. Anayeangalia watoto, kwa saa mbili hizo, simu yake iko juu ya kabati.

Siku ya kwenda kuchukua bidhaa je? Kutoka hapa hadi Gikomba na kurudi, ukishakwama kwenye foleni ya Mlolongo, ni nusu siku au zaidi. Kama unaweza, nenda na mtoto mgongoni mradi asikae juani na kwenye vumbi kwa muda mrefu. Kama unamwacha, kamua maziwa. Nawa mikono, tumia kikombe au chombo chenye kifuniko kilichooshwa na kuchemshwa, na ukamue kwa utulivu, si ukiwa umevaa viatu na matatu inapiga honi. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 katika chumba kisicho na joto kali, na siku 4 ndani ya friji. Ya kupashwa yawekwe kwenye kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto. Usiyachemshe. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo au kijiko, maana chupa ni ngumu kusafisha na inamfanya mtoto akatae titi. Yaliyobaki kwenye kikombe alichonywea yamwagwe, hata kama moyo unauma. Nawe huko uliko, matiti yakijaa, tafuta mahali ukamue, usije ukarudi na uvimbe na homa.

Sasa nije kwa jambo linalonitia hofu kuliko yote, nalo ni kwamba unapofanya biashara nyumbani, stoo na karakana ni chumba kile kile mtoto anapotambaa.

Nianze na shanga. Kule Kajiado, Bissil hadi Namanga, akina mama wetu wa Kimaasai wametunga shanga tangu zamani, na siku hizi picha za kazi zao zinafika mbali kwa simu. Hii si ndoto. Catherine Mahugu na wenzake wawili walianzisha kampuni ya Soko jijini Nairobi, ambapo fundi wa vito hupokea oda kwa meseji ya simu ya kawaida na kulipwa kwa M-PESA, na vito vyake vinauzwa ng'ambo. Naipenda kazi hii kwa mama mwenye mtoto mdogo, kwa sababu shanga unaweza kuzitua ukanyonyesha, ukarudi ukazikuta palepale. Keki iliyo kwenye oveni haikungoji. Lakini shanga moja iliyoanguka, mtoto wa miezi 8 huiona kabla yako, na kila anachokiona anakitia mdomoni, puani au sikioni. Tungia juu ya sinia lenye kingo, kwenye meza, na ufagie kabla mtoto hajawekwa chini. Shanga ikiingia puani au sikioni, usichokoe kwa kibanio cha nywele wala kijiti, utaisukuma ndani. Mlete kwetu.

Mtoto akikabwa na shanga, kitufe au kipande cha chakula, fanya hivi. Kama anakohoa kwa nguvu na analia, mwache akohoe, ukae karibu naye. Kama hawezi kulia wala kukohoa na midomo inabadilika rangi, usitie kidole kutafuta usichokiona. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mapigo 5 katikati ya mabega kwa sehemu ngumu ya kiganja. Kisha mgeuze, ubonyeze katikati ya kifua mara 5 kwa vidole viwili. Rudia hadi kitoke. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja mwinamishe, umpige mgongoni mara 5. Kisha simama nyuma yake, uweke ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute ndani na juu mara 5. Wakati huo mwenzako anaita gari au boda. Akizimia mikononi mwako, piga kelele upate msaada na mkimbie hospitali bila kungoja. Hata kitu kikitoka na akapumua, mlete akaguliwe. Tafadhali fundishaneni jambo hili kabla ya siku ya kulihitaji.

Wanaotengeneza sabuni, nawaomba mnisikilize. Kostiki soda na asidi mnazochanganya zinaunguza koo na umio wa mtoto kwa kumeza kidogo tu, na mtoto huyo anaweza kushindwa kumeza chakula kwa miaka. Tatizo kubwa si jikoni. Ni ile chupa ya soda. Tunaweka kemikali kwenye chupa ya soda, na mtoto wa miaka 2 anaijua chupa ya soda, tena anajua ni tamu. Usiitumie kabisa, hata kwa sabuni iliyo tayari. Changanyeni nje, watoto wakiwa kwa jirani, na dawa zikae juu, zimefungwa kwa kufuli. Mtoto akimeza, usimtapishe, maana kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta, ingawa najua ndivyo tulivyoambiwa na wazee. Mpanguse mdomo, mvue nguo iliyolowa, umwoshe ngozi kwa maji mengi, umkimbize hospitali na ile chupa mkononi.

Na ule mzani mdogo wa kupimia unga wa keki, au kile kitochi cha zawadi, ndani yake kuna betri bapa kama kitufe. Ikikwama kooni inaweza kuchoma umio ndani ya saa 2. Funga kifuniko chake kwa selotepu. Chupa ya chai, pasi na waya wa chaja mnavijua, sitavirudia.

Kuna mama ambaye hufungia oda zake kwa amani kwa sababu mtoto amepewa simu ya pili atazame katuni. Simhukumu. Hata mimi kuna siku nilifanya hivyo. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa na kujibiwa. Katuni inasema, haijibu. Mpe sufuria, mwiko, vifuniko na boksi tupu la kufungia bidhaa, umweke karibu nawe, umsemeshe unapofanya kazi: "Hii ni suruali ya nani? Ni ya bluu. Tunaikunja." Kelele za sufuria zitakusumbua, lakini utajua yuko wapi.

Niseme neno kuhusu usiku. Wengine wenu mna wateja walioko Marekani, Wakenya wenzetu wanaowanunulia wazazi wao vitu huku. Mteja wa New York akimaliza kula saa mbili usiku, hapa kwetu ni saa tisa au saa kumi alfajiri. Anaandika, simu inalia, wewe unaamka. Mtoto aliamka saa saba, simu imekuamsha saa tisa, mtoto ataamka tena saa kumi na moja. Mwili haukubali hivyo kwa miezi mingi. Simu ilale nje ya chumba, au angalau ikiwa bubu.

Uchovu wa namna hiyo nausema kwa sababu wakati mwingine unaficha kitu kingine. Kama kwa wiki 2 au zaidi umekuwa na huzuni isiyoondoka, unalia bila sababu, huna hamu ya chakula, hulali hata mtoto akilala, unaona huna thamani, au unamtazama mtoto bila kuhisi chochote, huo si uvivu wala si kurogwa. Ni ugonjwa unaowapata akina mama wengi baada ya kujifungua, nao unatibika. Njoo kliniki ya mama na mtoto, umwambie muuguzi yeyote kama ulivyo. Kama mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yamekujia, usingoje siku ya kliniki. Mwite mtu akae nawe na mje leo. Nawe baba au shosho unayesikiliza, mama aliyekuwa akicheka na wateja wake kwa simu anaweza kuwa mgonjwa hivyo, usidanganywe na sauti yake ya biashara.

Kuhusu pesa mimi si mtaalamu, nitapita haraka. Pesa ya unga, mboga na mayai ya mtoto isiingie kwenye bidhaa. Nimepima watoto wenye utapiamlo ambao mama zao walikuwa na marobota mawili ya nguo nyumbani. Mikopo ya simu, kama Fuliza iliyoanza 2019, ni rahisi kuchukua saa nane za usiku ukiwa na wasiwasi. Kingine, asiye na mwajiri hakatwi na mtu yeyote kwa ajili ya matibabu. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF, na anayejiajiri hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Jisajili kabla hujapata mimba nyingine, usingoje uchungu uanze. Ukishajisajili, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya serikali hugharamiwa na serikali.

Na picha za watoto. Mtoto wako akivalishwa gauni unaloliuza anapendeza, najua. Lakini picha hiyo ikishatoka hairudi, na watu wasiokujua wanajua sura ya mtoto, jina lake na ploti yenu. Tandika gauni kitandani ulipige picha hapo. Mteja anayetaka kuchukua mwenyewe mkutane steji au kwenye duka lenye watu.

Mwanangu sasa ni mvulana wa shule ya msingi. Jumamosi hunisaidia kukunja nguo, ingawa anazikunja vibaya nami huzikunja upya akishalala. Kijitabu chake bado ninacho. Akina mama wakija kliniki wakiwa na aibu kwa sababu mstari wa mtoto umelala, huwa nakitoa kwenye droo nikawaonyesha wiki ya 10 na wiki ya 14.

Kumbukeni kuja na vijitabu vyenu: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, vitamini A kuanzia miezi 6, surua miezi 9 na tena miezi 18. Asiyeweza kufika, amwambie mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake. Wiki ijayo tutazungumza juu ya chakula cha kwanza cha mtoto akifika miezi 6, kwa hivyo mwenye wimbi, ndengu au parachichi nyumbani aweke tayari. Sasa unaweza kuchukua simu yako. Lakini mtazame mtoto kwanza, huenda bado ananyonya. Kwaherini.